Sura ya Saba: Miwa, Mlima na Mawe Yenye Vyumba

Ukitoka Moshi mjini kuelekea kusini, barabara ya Arusha Chini huiacha migomba na kahawa nyuma mapema. Mvua hupungua, joto huongezeka, na mbele yako hutandazika uwanda wa miwa unaoishi kwa maji yanayoteremka kutoka mlimani. Hapa ndipo lilipo shamba la TPC. Lilianzishwa na kampuni ya Kidenmark ya A.P. Møller katika miaka ya 1930, baadaye likawa mali ya serikali, na tangu mwaka 2000 linaendeshwa kwa ubia wa wawekezaji kutoka Mauritius na Serikali ya Tanzania. Wengi wetu tukisikia TPC tunafikiria sukari. Sura hii inahusu kinachobaki sukari ikishatoka.

Chukua tani 100 za miwa. Kinu kikimaliza kazi yake, sukari ni kama tani 10. Molasi, ule uji mweusi mzito ambao sukari yake haikubali tena kuganda, ni tani 3 au 4. Makapi, yaani nyuzi zilizokwisha kukamuliwa, hukaribia tani 30, nusu yake ikiwa maji. Hata ukiyakausha, makapi bado yanaizidi sukari kwa uzito.

Makapi hayo hayatupwi. Huingia kwenye boila, mvuke wake huendesha kiwanda na mitambo ya umeme, na umeme unaozidi huuzwa kwa shirika la umeme la TANESCO. Molasi nayo ina wateja: wafugaji huichanganya na malisho, na wilayani Mwanga, mkoa huohuo wa Kilimanjaro, kiwanda cha Kilimanjaro Biochem huichachusha na kuinereka kuwa ethanoli. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba tunakaa juu ya utajiri usioonwa na yeyote. Umeonwa. Swali ni kama tunautumia kwa mpangilio unaofaa.

Hoja yangu ni hii. Mlima huu una mabaki ya namna mbili. Kuna yaliyokwisha kukusanyika yenyewe mahali pamoja, kwenye mlango wa kinu, wa kiwanda cha mbao au wa mtambo wa kukoboa. Na kuna yaliyotawanyika vihambani, yaani katika mashamba ya nyumbani ya Wachaga, chini ya migomba. Ya kwanza ndiyo ya kupeleka kwenye kemia. Ya pili ni chakula cha udongo, na yabaki huko. Wakili mkuu wa hoja hii ni jiwe liitwalo zeolaiti, na nitaonyesha kwamba lenyewe, kwa tabia yake, linataka mgawanyo huohuo.

Oksijeni iliyozidi

Karibu kila kemikali ya kiwandani tunayoigusa, kuanzia ndoo ya plastiki hadi rangi ya ukutani, imetokana na petroli au gesi asilia. Petroli ni mabaki ya viumbe wa kale yaliyopikwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka hadi oksijeni yake karibu yote ikatoka. Zilibaki kaboni na hidrojeni. Wanakemia wa karne ya 20 walijenga viwanda vyao juu ya malighafi hiyo, na kazi yao ikawa kuongeza oksijeni pale ilipohitajika.

Mmea uko kinyume. Uti wa makapi ya muwa, ukiwa mkavu kabisa, hubeba oksijeni inayofika asilimia 40 na zaidi ya uzito wake. Atakayeanza na mmea ana kazi ya kupunguza, na kupunguza kuna gharama. Oksijeni ikitoka kama maji, inaondoka na hidrojeni. Ikitoka kama hewa ya ukaa, inaondoka na kaboni. Hakuna mlango wa tatu usio na ushuru, isipokuwa ulete hidrojeni kutoka nje na kuilipia. Ufundi wote wa kugeuza mimea kuwa kemikali ni ufundi wa kuchagua ni lipi kati ya hayo lipotee, na kwa kiasi gani.

Makapi yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Selulosi, kama asilimia 40, ni minyororo mirefu ya glukosi. Hemiselulosi, robo au zaidi kidogo, ni minyororo mifupi ambayo sehemu yake kubwa ni sukari yenye kaboni tano iitwayo zailosi. Lignini, kama sehemu moja ya tano, ndiyo gundi inayoufanya mti usimame. Boila haitofautishi kati ya vitatu hivyo. Huvichoma vyote kwa bei ya joto. Mkemia hutaka kuvitenganisha kwanza, kwa sababu kila kimoja kina umbo ambalo mmea umelijenga kwa taabu, na umbo hilo ndilo lenye thamani.

Jiwe lenye vyumba

Mwaka 1756 mtaalamu wa madini wa Sweden, Axel Cronstedt, alilipasha moto jiwe fulani akaona likitoa mvuke kana kwamba linachemka. Maji yalikuwa yamejificha ndani ya jiwe. Leo tunajua yalijificha wapi. Zeolaiti imejengwa kwa atomu za silikoni na alumini zilizounganishwa na oksijeni, na muunganiko huo huacha nafasi tupu zinazolingana, safu kwa safu, katika kila chembe. Ni kama jengo lenye vyumba visivyohesabika, vyenye ukubwa mmoja na milango ya upana mmoja. Mipangilio zaidi ya 250 ya majengo ya aina hii imekwisha kutambuliwa, baadhi katika ardhi na mingi katika maabara.

Mambo mawili huyapa majengo haya uwezo wake. La kwanza ni upana wa mlango. Katika zeolaiti iitwayo 3A, mlango una upana wa nanomita 0.3, yaani sehemu tatu za milioni kumi za milimita. Molekuli ya maji hupita, ya ethanoli haipiti. Katika ZSM-5, iliyobuniwa na Robert Argauer na George Landolt wa kampuni ya Mobil na kupewa hataza mwaka 1972, mlango ni kama nanomita 0.55. Hapo ethanoli hupita bila shida, pete ya benzeni hupita kwa kubanwa, na glukosi hukwama. Mnyororo wa selulosi hauna hata nafasi ya kuchungulia.

La pili ni asidi. Kila mahali ambapo atomu ya alumini imechukua nafasi ya silikoni, jengo hubaki na upungufu wa chaji, na lazima kitu chenye chaji chanya kikae karibu kuuziba. Kikikaa sodiamu, zeolaiti ni pole. Kikikaa kiini cha hidrojeni, zeolaiti huwa asidi kali. Lakini ni asidi iliyofungwa ndani ya jiwe. Haimwagiki, haitoboi mabomba, haihitaji kuzimwa kwa chokaa baada ya kazi na kuacha lundo la taka. Kimiminika au gesi hupita, hubadilika, huenda zake. Jiwe hubaki kwenye mnara kusubiri kinachofuata. Mwaka 1962 Mobil ilianza kuuza zeolaiti za kuvunjia mafuta mazito ya petroli, kazi ya Charles Plank na Edward Rosinski, na tangu hapo sehemu kubwa ya petroli ya magari duniani imepitia ndani ya vyumba hivi.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na jambo hili kwa upande wa maumbile. Majivu ya volkano yakianguka katika ziwa lenye chumvi na magadi, kioo kilichomo ndani yake huyeyuka polepole na kujipanga upya kuwa zeolaiti. Bonde la Ufa limefanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko binadamu walivyokuwapo. Mwanajiolojia Richard Hay, aliyeandika kitabu kizima juu ya jiolojia ya Olduvai mwaka 1976, alizikuta zeolaiti kwa wingi katika tabaka zilezile zinazohifadhi mifupa ya mababu zetu. Ziko pia kando ya maziwa ya Natron na Magadi, magharibi ya Kilimanjaro. Na ni huko Magadi, upande wa Kenya, ambako Hans Eugster alitangaza mwaka 1967 madini mapya ya silika yaliyopewa jina la magadiiti. Leo wataalamu wa nchi nyingi huitumia magadiiti, kwa kawaida ile waliyoitengeneza wenyewe, kama tofali la kuanzia kujenga zeolaiti.

Hata hivyo, zeolaiti za ardhini haziingii moja kwa moja katika kinu cha kemikali. Zimechanganyika na chuma na udongo, na milango yake haina usawa unaotakiwa. Zinafaa zaidi kwa kuchuja maji na kushika mbolea. Na moja kati yake, erioniti, inayopatikana kwa wingi katika tabaka za Magadi, ina nyuzi ndogo sana ambazo zikivutwa kwa pumzi huleta saratani ya utando wa mapafu. Vijiji vya Cappadocia nchini Uturuki vimezika watu wengi kwa sababu hiyo. Yeyote atakayefikiria kuchimba zeolaiti katika ukanda wetu aanze kwa kupima ni aina gani iliyomo, kabla ya kumkabidhi kijana sururu.

Kutoka mbege hadi ethilini

Kuigeuza mimea kuwa kemikali si jambo geni kwa Wachaga. Mbege, pombe yao ya ndizi, ni kazi hiyo hasa. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, rojo huchujwa, kimea cha ulezi huongezwa, na hamira ya asili hufanya sehemu yake. Ndizi huleta sukari, kimea huleta vimeng'enya vya kuvunja wanga, hamira hugeuza sukari kuwa ethanoli. Oksijeni imepunguzwa hapo bila mtu kuitaja: sehemu moja ya tatu ya kaboni ya sukari imetoka kama mapovu ya hewa ya ukaa, na kilichobaki kina oksijeni kidogo kuliko mwanzo.

Kiwanda cha molasi hufanya vivyo hivyo kwa matangi makubwa, kisha hunereka. Lakini kunereka kwa kawaida hukwama mahali pamoja: ethanoli ikifika karibu asilimia 96 kwa uzito, mvuke wake na kimiminika chake huwa na kiasi kilekile cha maji, na moto hautenganishi tena. Hapo viwanda vingi vya ethanoli duniani huita zeolaiti 3A. Mvuke hupitishwa juu yake, maji huingia vyumbani, ethanoli huendelea na safari ikiwa kavu. Hii ndiyo kazi ya zeolaiti iliyo karibu zaidi na sisi, na haina fumbo lolote.

Hatua inayofuata ni kuipitisha ethanoli kavu, au hata yenye maji kiasi, juu ya zeolaiti yenye asidi. ZSM-5 katika joto la nyuzi 200 hadi 300 huing'oa molekuli ya maji kutoka katika ethanoli na kuacha ethilini. Ethilini ndiyo gesi inayotengenezewa mifuko, mabomba, ndoo na maelfu ya vitu vingine. Ndiyo pia gesi ambayo ndizi yenyewe huitoa inapoiva, na ndiyo sababu ndizi zilizofunikwa pamoja huiva haraka. Wafanyabiashara wa matunda duniani huitumia kwa makusudi katika vyumba vya kuivishia.

Hesabu yake haina siri. Kilo 46 za ethanoli haziwezi kutoa zaidi ya kilo 28 za ethilini. Zilizobaki ni maji. Tuseme kiwanda kinatoa lita milioni 10 za ethanoli kwa mwaka. Hizo ni tani 7,890, na ethilini yake haiwezi kuzidi tani 4,800 hivi. Nchini Brazil, kampuni ya Braskem ilifungua mwaka 2010 kiwanda cha ethilini ya miwa huko Triunfo kilichoanza na uwezo wa tani 200,000 kwa mwaka. Mwenye tani 4,800 hawezi kushindana naye kwa plastiki ya kawaida. Lakini anaweza kutoa gesi ya kuivishia ndizi na parachichi, au kuipitisha ethanoli juu ya zeolaiti kwa joto la chini zaidi ili ipatikane etha, au kuiunganisha ethanoli na asidi ya siki kupata kiyeyushi cha rangi na wino. Bidhaa hizi zina soko kwa madebe na mapipa, si kwa meli. Udogo wetu si kosa iwapo tutachagua bidhaa inayofanana nao.

Zailosi kwanza, moto baadaye

Makapi ya miwa ndiyo yenye somo kubwa zaidi. Ukiyapika kwa mvuke wenye shinikizo pamoja na asidi, hemiselulosi huvunjika kabla ya selulosi na kutoa zailosi. Zailosi ikipoteza molekuli tatu za maji huwa furfurali, kimiminika chenye harufu ya lozi. Kampuni ya Quaker Oats ya Marekani ilianza kuiuza furfurali mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikitumia maganda ya shayiri yaliyokuwa yamelundikana katika kiwanda chake cha Cedar Rapids. Angalia: maganda yalikuwa yamekwisha kukusanyika. Hakuna aliyetumwa mashambani kuyaokota.

Afrika ina mfano wake. Huko Sezela, pwani ya KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, kiwanda cha sukari cha Illovo hutoa furfurali kutokana na makapi ya miwa. Kutokana na furfurali hiyo hupatikana pombe ya furfurili, ambayo ni malighafi ya gundi ya kushikiza mchanga katika kalibu za kumiminia chuma, na pia dawa ya kupambana na minyoo inayoshambulia mizizi ya mazao. Na jambo muhimu kuliko yote kwa mtu wa Arusha Chini ni hili: nyuzi zinazobaki baada ya furfurali kutoka bado ni kuni. Selulosi na lignini bado zimo. Huingia boila. Umeme haukatiki, ila joto limepungua kiasi, na mahali pa joto hilo pamepatikana kemikali yenye bei kubwa zaidi kwa kila kilo.

Njia ya zamani hutumia asidi ya salfa, hupata takriban nusu tu ya furfurali inayowezekana, na huacha maji machafu makali. Hapa zeolaiti zina nafasi. Zailosi ni ndogo kuliko glukosi na huweza kuingia katika milango mipana kidogo, kama ya mordeniti. Tangu miaka ya 1990 maabara za Ufaransa na kwingineko zimeonyesha kwamba mordeniti iliyopunguzwa alumini hubadili zailosi kuwa furfurali kwa uchaguzi mzuri, hasa ikiwa furfurali inaondolewa haraka kabla haijajiunganisha na kuwa lami. Adui ni maji ya moto. Yakikaribia nyuzi 200 huanza kubomoa kuta za baadhi ya zeolaiti, na jengo likianguka hakuna chumba. Kwa hiyo uimara wa jiwe ndani ya maji ndio suala linalotafutiwa jibu na kila mtu katika fani hii, na mwanafunzi wa Moshi au Arusha anaweza kuingia katika utafiti huo bila kutanguliwa mno.

Glukosi nayo, ambayo ZSM-5 huikatalia mlango, imepata jiwe lake. Mwaka 2010 Manuel Moliner, Yuriy Román-Leshkov na Mark Davis wa California walitumia zeolaiti iitwayo Beta iliyotiwa atomu za bati badala ya alumini. Ndani ya maji, kwa nusu saa au chini ya hapo na joto la nyuzi 110 hadi 140, myeyusho wa glukosi wa asilimia 10 uligeuka kuwa na takriban asilimia 46 ya glukosi, 31 ya fruktosi na 9 ya manosi. Kazi hiyo ilikuwa imezoeleka kufanywa na kimeng'enya, ambacho huchoka na kufa kwa joto. Mwaka huohuo, nchini Denmark, watafiti wa kampuni ya Haldor Topsøe walichukua zeolaiti za aina hiyo, wakazitia sukari ya miwa yenyewe ndani ya methanoli kwa nyuzi 160, wakapata hadi asilimia 68 ya lakteti ya methili, ambayo ni njia ya kufikia plastiki inayooza. Bati, kwa taarifa ya msomaji, huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Jiwe la namna hii halihitaji bati nyingi: ni asilimia moja au mbili ya uzito wake.

Vumbi la mbao, na kwa nini maganda ya kahawa yaachwe

Upande wa pili wa mlima, West Kilimanjaro na Rongai, serikali ina mashamba ya miti ya misonobari na misaiprasi. Moshi mjini kuna FITI, chuo cha viwanda vya misitu kinachofundisha upasuaji na ukaushaji wa mbao. Palipo na msumeno pana vumbi la mbao, na vumbi hilo nalo limekwisha kukusanyika.

Ukilipasha joto la nyuzi 500 hivi kwa ghafla bila hewa, vumbi hugeuka mvuke kwa sekunde chache. Mvuke huo ukipitishwa juu ya ZSM-5, selulosi iliyokuwa kubwa mno imekwisha kukatika vipande vinavyoingia mlangoni. Ndani ya vyumba vipande hupoteza oksijeni na kujipanga kuwa benzeni, tolueni na zaileni, malighafi zilezile ambazo viwanda vya petroli huuza. George Huber na wenzake wa Marekani waliiendeleza njia hii, na kampuni ya Anellotech ikajenga mtambo wa majaribio huko Silsbee, Texas. Ushuru wa oksijeni, hata hivyo, unalipwa. Sehemu kubwa ya kaboni hutoka kama gesi, na nyingine huganda kuwa masizi ndani ya vyumba vyenyewe. Kila baada ya muda masizi lazima yachomwe ili milango ifunguke.

Msomaji wa Kibosho, Marangu au Machame atauliza: na maganda ya kahawa je? Na migomba je? Mashina yake si yamejaa kila mahali? Hapa jiwe lenyewe linatoa jibu. Kumbuka kwamba nguvu ya zeolaiti ni viini vya hidrojeni vinavyoziba upungufu wa chaji. Kitu chochote chenye chaji chanya kinaweza kukifukuza kiini hicho na kukalia nafasi yake. Potasiamu ni mhusika wa kwanza. Na ni mimea gani yenye potasiamu nyingi kuliko mgomba na ganda la kahawa? Bibi zetu walijua hilo kwa vitendo, kwani magadi ya kulainishia maharage yalipatikana kwa kuchoma maganda ya ndizi, na majivu hayo yamejaa potasiamu. Ukiitia ZSM-5 moshi wa maganda hayo siku baada ya siku, asidi yake inazimwa. Masizi unaweza kuyachoma, potasiamu haichomeki.

Kumbe kile kinachoiua zeolaiti ndicho kinachokiweka hai kihamba. Mgomba unaoangushwa na kukatwakatwa chini ya mbuni, ganda la kahawa linalorudi shambani baada ya kumenywa, shina linalolishwa ng'ombe na kurudi kama samadi: yote hayo ni potasiamu inayozunguka ndani ya uzio mmoja. Vihamba vimelisha watu wengi katika eneo dogo kwa vizazi vingi kwa sababu mzunguko huo haukukatwa. Mradi wowote utakaokuja kununua mashina ya migomba kwa kilo, hata kwa bei nzuri, utakuwa unanunua rutuba ya kesho ya mkulima. Kahawa iliyokwisha kukobolewa mjini ni jambo jingine kidogo. Ganda jembamba kavu linalotoka katika viwanda vya kukoboa, kama kile cha TCCCo hapo Moshi, lina madini machache kuliko ganda nene la nje, limekwisha kukusanyika, na linaweza kuwa kuni au kupewa jaribio. Hata hilo lioshwe na kupimwa kwanza.

Nani atalijenga jiwe

Kuagiza zeolaiti kutoka nje kunawezekana. Hazina bei ya kutisha kwa kiwanda kidogo. Lakini nchi isiyojua kuijenga haitajua kuirekebisha, na malighafi zipo. Milima ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ina udongo mweupe wa kaolini kwa wingi. Kaolini ina silikoni na alumini kwa uwiano wa moja kwa moja, uwiano uleule wa zeolaiti A. Ichomwe kwa nyuzi 600 hadi 700, kisha ipikwe kwa saa kadhaa katika maji yenye soda kali, chini kidogo ya joto la kuchemka. Zeolaiti A hujijenga. Ukibadilisha sehemu ya sodiamu kwa potasiamu, unapata 3A, ile ya kukaushia ethanoli. Hapa, kwa mara moja, potasiamu ni rafiki.

ZSM-5 huhitaji silika nyingi zaidi na alumini kidogo. Na silika tunayo karibu. Katika skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, mpunga humwagiliwa na kukobolewa, na pumba zake ngumu zikichomwa vizuri huacha majivu ambayo asilimia 85 hadi 95 ni silika. Maabara za nchi nyingi zimekwisha kutengeneza ZSM-5 kutokana na majivu ya aina hiyo. Kinachobaki kuwa ghali ni kemikali ya kuongozea umbo inayotiwa wakati wa kupika. Namna ya kuipunguza au kuiepuka kabisa ni mada nzuri kwa tasnifu ya uzamili katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Historia inatuonya pia juu ya ukubwa. Katika miaka ya 1970 Kenya ilianza kujenga Kisumu kiwanda kikubwa cha molasi kilichokusudiwa kutoa ethanoli na kemikali nyingine kadhaa kwa mpigo. Gharama zilipanda, ujenzi ukasimama miaka ya 1980, na majengo yakakaa bila kazi kwa miaka mingi. Kiwanda cha Muhoroni, jirani yake, kilichokuwa na lengo kuu la ethanoli, kilifanya kazi na kwa muda kikachangia mafuta ya magari nchini humo. Tofauti haikuwa katika kemia. Ilikuwa katika kutaka kila kitu kwa wakati mmoja.

Na kila lita ya ethanoli ya molasi huacha nyuma lita 10 hadi 15 za maji machafu ya kahawia, yenye uwezo wa kuua samaki kwa kumaliza oksijeni mtoni. Maji ya uwanda huu huelekea Nyumba ya Mungu, bwawa lenye wavuvi wake, na kutoka hapo kwenda mto Pangani. Huko chini mtoni, Hale, mkoani Tanga, shamba la katani lilikwisha kuonyesha tangu mwaka 2007 kwamba mabaki ya namna hii yanaweza kuingizwa katika tangi na kutoa gesi ya kuendeshea jenereta. Kiwanda cha kemikali kisichokuwa na tangi la aina hiyo kwenye mchoro wake wa kwanza hakijakamilika hata kwenye karatasi.

Mpangilio ninaoutetea, basi, ni wa hatua. Kwanza, kukausha ethanoli kwa zeolaiti iliyotengenezwa nchini. Ni kazi inayoeleweka, na inajenga mafundi. Pili, mnara mdogo wa kugeuza ethanoli kuwa ethilini kwa vyumba vya kuivishia matunda, ambapo makosa yatakuwa ya kilo na si ya tani. Tatu, kuondoa zailosi katika makapi kabla ya boila, kwa kujifunza Sezela na kuitumia zeolaiti pale asidi ya salfa inaposhindwa. Vumbi la mbao lije baadaye, kwa kuwa mvuke wa nyuzi 500 unahitaji mikono iliyokwisha kuzoea. Na vihamba visiguswe katika hatua yoyote.

Kila atakayeleta mradi wa kemikali za mimea katika mkoa huu aulizwe maswali matatu na baraza la kijiji, na ofisi ya mkoa, na benki. Malighafi yako imekwisha kukusanyika wapi? Oksijeni yake unaiondoa kama nini, na ushuru wake analipa nani? Potasiamu yake inarudi shambani kwa njia gani? Mwenye majibu ya yote matatu apewe ardhi, umeme na vijana wetu wa sayansi. Asiye na la tatu atakuwa amekuja kuuza udongo wa mlima kwa jina la kemia, na tuna haki ya kumkatalia.